VALVU INAYOINGIA SOKETINI SI LAZIMA IFAE KAZI

Askari anayekwenda kupokea zamu ya mwenzake hatazamwi sare peke yake. Mkuu wa zamu hutaka kujua kama anaifahamu silaha iliyopo, kama anaweza kusimama kwa saa zinazotakiwa, na kama anaijua amri ya lindo lile. Sare yaweza kumwenea mtu yeyote. Lindo halimwenei kila mtu. Kanuni hiyo, ambayo kuruta hufundishwa tangu siku za mwanzo, ndiyo inayotawala pia kazi moja ya ufundi ambayo haijafa: kubadilisha valvu za aina moja kwa valvu za aina nyingine katika amplifaya za sauti.

Valvu ni kile chombo cha kioo ambacho mafundi wa zamani walikiita taa ya redio, kwa kuwa ndani yake mna uzi unaowaka wekundu. Kabla ya transista kubuniwa nchini Marekani mwezi Desemba 1947, karibu redio zote, simu za upepo za majeshi na vipaza sauti vya mikutano vilitegemea valvu. Transista imeshika mahali pake karibu kila upande. Hata hivyo wapiga gitaa la umeme wengi duniani wangali wakipenda amplifaya ya valvu, kwa sababu sauti yake inapozidishwa nguvu haikatiki ghafla, bali hukwaruza kidogo kidogo na kwa utamu. Kwa hiyo fundi wa leo anaweza kuletewa kifaa cha namna hiyo wakati wowote, nacho kikiwa kimenyamaza.

Ndugu msomaji, tuchague mahali ambapo kosa la fundi lina gharama kubwa, ili tulione jambo hili kwa uzito wake. Mahali penyewe ni Dzaleka, nchini Malawi.

DZALEKA NA LILONGWE

Kambi ya Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa, kilometa zipatazo 45 kutoka Lilongwe, mji uliofanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975 badala ya Zomba. Katika utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000, nayo sasa ina watu zaidi ya 50,000, walio wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ndiyo maana Kiswahili husikika huko kila siku, sokoni na makanisani, ingawa kambi yenyewe imezungukwa na wasemaji wa Kichewa.

Wasomaji waliotumikia mashariki ya Kongo hawatakuwa wageni wa habari za watu hawa. Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja wa Mataifa, iliyoidhinishwa mwaka 2013, iliundwa na askari wa Tanzania, Malawi na Afrika ya Kusini. Nchi ambayo askari hao walipelekwa kuilinda ndiyo nchi ambayo wengi wa wakazi wa Dzaleka waliikimbia.

Pamoja na dhiki zake, kambi hiyo ni mahali pa muziki. Mwaka 2014 lilianzishwa hapo Tamasha la Tumaini, kwa jitihada za mshairi na mwanamuziki Menes la Plume, ambaye naye alifika Malawi akiwa mkimbizi kutoka Kongo. Tamasha hilo huwaita wananchi wa Malawi na wageni wa mbali waingie kambini kusikiliza bendi za wakimbizi na za wenyeji katika jukwaa moja. Penye jukwaa pana amplifaya, na penye amplifaya hapana budi pawe na fundi.

Lakini fundi wa kambini hafanyi kazi kama fundi wa mjini. Sera ya Malawi huwataka wakimbizi wakae kambini, na anayetaka kutoka anapaswa kuwa na ruhusa. Mwezi Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka. Kwa hiyo zile kilometa 45 kwenda Lilongwe si fupi kama zinavyoonekana katika ramani. Na hata akifika Lilongwe, valvu si bidhaa ya kuikuta katika kila duka. Viwanda vichache vinavyozitengeneza sasa vipo hasa nchini Slovakia, Urusi na China. Fundi huyo hana budi kutazama kwanza kilichomo katika sanduku lake. Hapo ndipo hatari inapoanza.

VALVU SI NGENI KATIKA NCHI HIYO

Yafaa ikumbukwe kwamba eneo hilo lilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Afrika ambako redio ya valvu ilitengenezwa kwa makusudi ya mwananchi wa kawaida. Mwaka 1949 kituo cha utangazaji cha Lusaka, kilichozihudumia Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi, kilileta redio ndogo iliyoundwa na kampuni ya Ever Ready ya Uingereza. Ofisa aliyeipigania, Harry Franklin, alitaka redio ya betri itakayoweza kununuliwa na mtu wa kipato kidogo. Bweta lake lilitokana na sufuria, nayo ikajulikana kwa jina la redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na ndani yake mlikuwa na valvu 4 tu. Watu wa vijijini walijifunza mapema kwamba valvu moja ikifa, redio nzima ni kopo tupu.

ZOEZI LENYEWE

Tuliweke tatizo letu kama linavyowekwa zoezi la mezani katika chuo cha maofisa: hali ni ya kutunga, lakini vipimo ni vya kweli.

Kikundi cha muziki kimeleta amplifaya ya gitaa kwa fundi wa Dzaleka. Ina valvu mbili za nguvu za aina ya EL34, valvu ndogo mbili za aina ya ECC83 zinazoikuza sauti hatua kwa hatua, na valvu moja ya aina ya GZ34 inayoubadilisha umeme wa kwenda na kurudi kuwa umeme wa upande mmoja. Volti za ndani ni 430. EL34 moja imekufa, ECC83 moja inanguruma, na GZ34 imekatika uzi. Katika sanduku la fundi mna 6L6GC mbili, 6V6GT mbili, ECC81 moja, ECC82 moja, ECC88 moja, 5U4G moja, na valvu ndogo moja isiyo na jina la kiwanda, imeandikwa CV4004 tu. Kikundi kina kazi siku ya Jumamosi. Afanye nini?

Jambo la kustaajabisha ni hili: kila moja ya valvu hizo itaingia katika soketi mojawapo ya amplifaya hiyo pasipo kulazimishwa. 6L6GC na 6V6GT zitaingia mahali pa EL34. ECC81, ECC82 na ECC88 zitaingia mahali pa ECC83. 5U4G itaingia mahali pa GZ34. Fundi asiye na subira atasema, "Imeingia, basi ni yake." Fundi mwenye nidhamu atauliza maswali manne.

SWALI LA KWANZA: KILA MGUU UNA KAZI GANI?

Miguu ya valvu ni milango. Idadi yake ikifanana haina maana kwamba kazi zake zinafanana. ECC83, ECC81 na ECC82 zina miguu tisa yenye mpango mmoja kabisa. ECC88 nayo ina miguu tisa, lakini uzi wake wa joto umepangwa kwa namna nyingine. Katika ECC83 uzi huo una sehemu mbili, na mguu wa tisa ni kiungo cha katikati; kwa umeme wa volti 6.3 mguu wa nne na wa tano huunganishwa pamoja kuwa upande mmoja, na wa tisa huwa upande wa pili. Katika ECC88 uzi umekaa baina ya mguu wa nne na wa tano, na wa tisa ni kinga ya ndani tu. Ukiichomeka katika soketi ya ECC83 iliyofungwa kwa volti 6.3, pande mbili za uzi wake zitakuwa zimeunganishwa pamoja, hivyo haitawaka kabisa. Katika amplifaya iliyofungwa kwa volti 12.6 itapata umeme mara mbili ya haki yake, nayo itaungua. Zaidi ya hayo, anodi ya ECC88 haikuundwa kuvumilia zaidi ya volti 130, ilhali ya ECC83 huvumilia hadi 300. Kasoro hiyo ya uzi imo pia katika valvu ya Kirusi ya 6N2P, ambayo kwa ukuzaji ni ndugu wa ECC83.

Kinyume chake pia kipo. Valvu ya 807, iliyotumika katika simu ya upepo nambari 19 ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni ndugu wa damu wa 6L6. Lakini 807 ina miguu mitano na anodi yake hutokea utosini, hivyo haiwezi kukaa katika kiti cha nduguye. Undugu ni jambo moja; kiti ni jambo jingine.

SWALI LA PILI: UZI UNAKULA UMEME KIASI GANI?

Uzi wa joto ndio tumbo la valvu. EL34 moja hula ampea 1.5, na 6L6GC hula 0.9. Kwa hiyo anayeiondoa EL34 na kuweka 6L6GC anaipunguzia transfoma mzigo, nayo haitalalamika. Anayefanya kinyume chake, akaondoa 6L6GC mbili na kuweka EL34 mbili, ameongeza ampea 1.2 katika transfoma ambayo pengine haikujengwa kuzibeba. Mwanzoni sauti itatoka vizuri, na mwenye mali atafurahi. Transfoma itaanza kunuka baada ya saa kadhaa, katikati ya shughuli.

Mtego huohuo umo katika 5U4G. GZ34 hula ampea 1.9 kwa volti 5, na 5U4G hula ampea 3 kwa volti hizo hizo. Ikiwa waya wa transfoma ulikadiriwa kwa ampea 2, 5U4G itaikaanga. Naye anayeiondoa valvu ya 5Y3 katika amplifaya ndogo na kuweka GZ34 atakuta uzi hauna shida. Lakini GZ34 hupoteza volti chache sana ndani yake, hivyo volti za amplifaya nzima hupanda, na valvu nyingine pamoja na kapasita hubeba mzigo ambao hazikupangiwa.

SWALI LA TATU: ITASTAHIMILI NA ITADHIBITIWA VIPI?

Ndani ya valvu, elektroni huruka kutoka kathodi yenye moto kwenda anodi. Katikati husimama gridi, kama mlinzi wa lango. Gridi hupewa volti hasi ili izuie umati usipite wote kwa pamoja. Kila aina ya valvu hutaka mlinzi wa nguvu yake. Kwa volti 430 za anodi, EL34 aghalabu hutulia gridi ikiwa na hasi 35 hadi 40. 6L6GC huhitaji hasi 45 hadi 50. Ukiweka 6L6GC na kuacha mpango wa EL34, lango litakuwa wazi mno, anodi itageuka nyekundu kama mkaa, na valvu haitaiona asubuhi.

Ipo hesabu rahisi ya kujilinda. Anodi ya EL34 imekadiriwa wati 25, ya 6L6GC wati 30. Mafundi wengi huiacha valvu ya nguvu, inapokuwa imetulia bila sauti, isizidi asilimia 70 ya kadirio hilo. Kwa 6L6GC asilimia 70 ni wati 21. Gawanya kwa volti 430, utapata karibu miliampea 49. Fundi hufunga rezista ya omu 1 katika njia ya kathodi, naye husoma kwa mita: kila milivolti moja ni miliampea moja. Huanza na volti hasi kubwa kabisa, kisha hulegeza kidogo kidogo mpaka afike kipimo. Pasipo mita, kazi hiyo haifai kuanzwa.

Na 6V6GT je? Miguu ni ileile, na uzi wake hula ampea 0.45 tu. Lakini anodi yake ni ya wati 12 hadi 14, na volti 430 zinapita kiasi ilichoundiwa. Kuiweka hapo ni kumtwika mtoto gunia la kuli wa bandarini.

SWALI LA NNE: ITAKUZA SAUTI KWA KIASI GANI?

Kipimo cha ukuzaji cha ECC83 ni 100. Cha ECC81 ni 60, na cha ECC82 ni kati ya 17 na 20. Zote tatu zina miguu ileile na uzi wa ampea 0.3 kwa volti 6.3, hivyo kubadilishana kwake hakuunguzi kitu. Lakini ukiweka ECC82 mahali pa kwanza, penye sauti changa ya gitaa, utasikia mnong'ono. ECC81 itapunguza sauti kwa kiasi cha kuvumilika, ingawa haitakuwa katika hali yake bora, kwa kuwa iliundwa kupitisha mkondo mkubwa kuliko ule ambao rezista za ECC83 huuruhusu.

MAJIBU YA ZOEZI

Sasa fundi wetu aweza kuamua. Valvu yenye maandishi ya CV4004 ndiyo bahati yake. Herufi CV ni za orodha ya pamoja ya valvu za majeshi ya Uingereza, na CV4004 ni ECC83 iliyoimarishwa kwa matumizi ya kijeshi. Aitumie bila hofu. Askari wa mawasiliano wanaoona katika ghala kuukuu maandishi ya CV, au ya JAN yaliyo ya Jeshi na Wanamaji wa Marekani, wasiyadharau. Nyuma ya nambari hizo mara nyingi mna jina linalojulikana. ECC81 na ibaki akiba.

EL34 iliyosalia isifungwe pamoja na 6L6GC moja. Valvu hizo mbili hufanya kazi kwa kuvutana, nguvu kwa nguvu. Mmoja akiwa wa kabila jingine la umeme, mkondo hauwi sawa, transfoma ya spika hulemewa upande mmoja, na mngurumo huanza. Ziingie 6L6GC mbili kwa pamoja, baada ya volti hasi kupangwa upya kwa mita. Mguu wa kwanza, ambao katika EL34 hubeba gridi ya tatu na huunganishwa na kathodi, katika 6L6GC hauna kazi, hivyo hautaleta madhara. Na transfoma ya spika iliyochaguliwa kwa EL34 haitazilingana 6L6GC barabara. Nguvu na ladha ya sauti zitabadilika, jambo ambalo mwenye mali anastahili kuambiwa mapema. 6V6GT, ECC82 na ECC88 zirudi sandukuni.

Ipo 5U4G. Hapa fundi asibahatishe. Kama karatasi ya amplifaya au ya transfoma haionyeshi kwamba waya wa volti 5 unabeba ampea 3, valvu hiyo isiwashwe. Na aseme wazi: "Amplifaya hii haitakuwa tayari Jumamosi. Tuagize GZ34 Lilongwe au ng'ambo." Ni maneno magumu kwa mtu anayeishi kwa ujira wa kila kazi. Lakini GZ34 iliyokatika hununuliwa nyingine, na bahasha huitosha. Transfoma iliyoungua ni chuma kizito, nacho haliingii katika bahasha. Husafirishwa kwa gharama inayoweza kuipita thamani ya amplifaya yenyewe. Kikundi kikikosa Jumamosi moja kimepoteza ujira wa siku moja. Kikikosa transfoma kimepoteza chombo cha kazi.

UHAI KWANZA

Halina budi kusemwa neno la mwisho, nalo ni la usalama. Volti 430 zinaua. Hazitoweki swichi inapozimwa. Kapasita huzihifadhi kwa dakika nyingi. Fundi na achomoe waya wa ukutani, azitoe volti hizo kwa rezista iliyoshikwa kwa mpini usiopitisha umeme, kisha apime kwa mita kabla ya kuingiza kidole. Asiiwashe amplifaya ya valvu pasipo spika, maana nguvu isiyo na pa kwenda hurudi na kutoboa transfoma. Na pale panapotumika jenereta, apime volti zake kwanza, kwa kuwa uzi wa valvu haupendi kuzidishiwa wala kupunguziwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Fundi wa Dzaleka, askari wa mawasiliano katika kikosi cha mpakani na polisi anayetunza kipaza sauti cha kituo chake wote wamo katika hali moja: vifaa ni vichache, ghala lipo mbali, na kazi inangoja. Hali hiyo humshawishi mtu kuchomeka chochote kinachoingia. Miguu, uzi, ustahimilivu, ukuzaji: haya ni maswali manne ya dakika chache. Anayeyauliza kabla ya kuwasha swichi ataweza kukitumia tena kesho kifaa alichonacho leo.